Swaumu wa Chuma

"Mjomba wako amekwenda kuazima nyundo," alisema Zaina, na hakuinua macho kutoka kwenye ungo wa mtama aliokuwa akiupepeta.

Swaumu aliuacha mchi ndani ya kinu.

"Nyundo ya nini, mama?"

"Ya nini tena? Mbekenyera nzima ina kitu kimoja tu cha kupigwa nyundo."

"Leo? Kwa nini leo?"

Zaina aliweka ungo chini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo aliyatoa kama mtu anayegawa chumvi. "Watu wa Swalehe wamepita asubuhi wakielekea Matambarale. Wamesema kijana wao bado anakutaka. Lakini hawaleti posa mahali ambapo mchumba amesimama barabarani usiku na mchana, kila mpita njia anamtazama atakavyo. Kishuke kwanza, ndipo waje."

"Basi wasije."

"Swaumu!"

"Nimesema wasije, mama. Sikuwaita."

Akafuta pumba mikononi, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akatoka. Zaina alimwita mara moja tu. Alipoona binti haitiki, naye alisimama, akafunga mlango wa nyumba, akamfuata nyuma polepole.

Kitu chenyewe kilisimama ukingoni mwa barabara iendayo Ruangwa, mbele ya banda la Yunusi, fundi chuma. Alikuwa mwanamke. Alimpita mwanamume mrefu kwa kichwa kizima, na aliundwa kwa vyuma vilivyoachwa porini Nachingwea pale mradi wa karanga wa Waingereza ulipokufa. Kiuno chake kilikuwa springi za lori zilizokunjwa motoni. Upindo wa nguo yake ulikuwa vipande vya visahani vya plau, vimelaliana kama magamba ya samaki. Mabega yalikatwa kwenye bamba la kifaru, vile vifaru vilivyotoka vitani vikanyofolewa mizinga na kupewa kazi ya kung'oa miti. Kichwani alijitwika mtungi, na shingo aliigeuza kidogo kutazama nyuma, kama mtu aliyeitwa jina lake na hataki ijulikane kwamba amefurahi kuitwa.

Kila aliyemjua Swaumu wa Zaina aliijua shingo ile.

Yunusi mwenyewe hakuwa mtu wa hapo. Alikuwa Mmakua, alivuka Ruvuma na marehemu baba yake kutafuta kazi, akajifunza chuma katika karakana ya Nachingwea. Kambi ya mradi ilipotawanyika, wenzake walipanda treni wakashuka Mtwara. Yeye alibaki. Aliyaokota yale yaliyokuwa hayatakiwi tena na mtu yeyote, akayabeba kwa baiskeli na kwa mabega mpaka Mbekenyera, akajenga banda, akafua majembe kwa mivukuto na mkaa.

Ndipo Swaumu alipompelekea jembe lililopasuka. Siku alipokwenda kulichukua aliligeuza huku na huku, akanuna.

"Jembe langu umelipinda."

"Nimelipinda kidogo tu. Lisikuumize mgongo."

"Nimekuletea jembe. Sikukuletea mgongo wangu."

Yunusi alicheka mpaka akashika ukuta wa banda. Swaumu aliondoka amekasirika, akalima, akaona mgongo hauumi, na kesho yake alirudi kumwambia hivyo, bado amekasirika. Tangu hapo hakukosa sababu ya kupita. Jembe halikupasuka tena, lakini sufuria za mama yake zilianza kutoboka kwa zamu.

Siku moja Yunusi aliweka koleo chini akasema, "Swaumu, naomba nikutazame."

"Si unanitazama kila siku?"

"Kila siku naiba. Leo naomba."

Hakuna mwanamume aliyewahi kumwomba Swaumu kitu namna ile. Swalehe, aliyekuwa na duka Ruangwa na tabia njema asiyoweza mtu kuilaumu, alikuwa ameongea na mjomba wake, akaongea na mama yake, akaongea na wazee wa Mbekenyera. Na Swaumu alikuwa amemsalimia tu.

Akakubali. Alisimama na mtungi kichwani mchana mweupe, mbele ya barabara, shoga yake Sabaha ameketi kando akitafuna muwa na kuchunga heshima. Yunusi hakumgusa hata ncha ya kanga. Alimtazama, akaenda kwenye moto, akarudi, akamtazama tena. Na Swaumu, ambaye alidhani kutazamwa ni jambo la kuinamisha uso, alishangaa kuona kadiri alivyotazamwa ndivyo alivyozidi kunyooka.

Sasa alikuwa akikimbia kwenye barabara hiyohiyo, na kabla hajafika akasikia mlio.

Ulikuwa mlio mzito wa chuma juu ya chuma. Alipasua katikati ya watu, akina mama wenye ndoo, wanaume waliotoka mashambani na miundu ya kukatia ufuta mikononi, akatokea mbele ya banda.

Alikuwa amejiandaa kumkuta mjomba Amri ameshika nyundo. Hakuwa yeye. Mjomba Amri alisimama kando, mikono nyuma, kofia yake nyeupe imenyooka kichwani. Nyundo ilikuwa mikononi mwa Yunusi.

Bega la kushoto la yule mwanamke wa chuma lilikuwa limebonyea.

"Teremsha mkono," alisema Swaumu.

Yunusi aligeuka. Uso wake ulilowa, na haikujulikana kama ni jasho tupu.

"Swaumu, rudi nyumbani. Nitakuja kukueleza."

"Nieleze hapahapa. Hawa wote wamekuja kusikiliza."

"Mjomba wako amenipa njia mbili." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Avunje yeye, nami niondoke Mbekenyera nisionekane tena. Au nivunje kwa mkono wangu, watu washuhudie, halafu atanisikiliza ninalotaka kumwambia juu yako."

"Atakusikiliza?"

"Ndivyo alivyosema."

"Amesema atakusikiliza. Amesema atakubali?"

Mjomba Amri alikohoa.

"Ni chuma tu, Swaumu," alisema Yunusi, na sasa alisahau kabisa kwamba kuna watu. "Chuma nitaokota kingine. Wewe sitaokota mwingine."

Akina mama wakaguna kwa pamoja. Sabaha aliziba mdomo kwa kanga. Maneno hayo, siku nyingine yoyote, yangemfurahisha Swaumu. Leo yalimwasha kama pilipili jichoni.

"Chuma tu?" Alimsogelea mpaka akaliona vumbi la mkaa kwenye kope zake. "Uliponisimamisha hapa mtungi ukinielemea, uliniambia nasimama kwa ajili ya chuma tu? Ulikuwa unaacha chakula kinapoa. Ulikuwa unasema mkunjo wa shingo haujakaa, unaurudisha motoni, unaufua upya. Nikakuuliza, nani atakayeuona mkunjo huo? Ukanijibu nini?"

"Swaumu..."

"Ukanijibu nini, Yunusi?"

"Nilisema mimi nitauona."

"Na leo huuoni. Leo unanivunja ili unipate. Haya. Utakapokwisha kunipata, na mjomba akasema mkeo ana mdomo, mvunje, utasema nini? Utasema ni mke tu?"

"Nyamaza!" Mjomba Amri alipiga mguu chini. Hakuwa mtu mkali kwa desturi. Tangu baba yake Swaumu alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba, na kwa mila ya kabila lao la Wamwera hata baba angekuwa hai, neno la mwisho juu ya mtoto wa dada lilikuwa lake. "Mtoto wa kike anapiga kelele barabarani mbele ya wanaume! Huoni haya?"

"Naona haya, mjomba. Unisamehe sauti yangu. Lakini ni mimi ninayevunjwa hapa, na sijaulizwa."

"Wewe? Umekiri basi ni wewe?" Akamnyooshea kidole, kisha akakishusha, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa karibu ya kubembeleza. "Sikiliza, mwanangu. Watu wanasema mengi. Lakini wewe unaweza kukana sasa hivi. Sema si wewe. Sema kijana huyu ametengeneza kitu chake kwa kichwa chake, wewe hujui. Nitashughulika naye peke yake. Wewe utabaki na heshima yako, na hakuna atakayekuuliza tena."

Swaumu aliuona mlango uliofunguliwa mbele yake. Ulikuwa mpana, na ulikuwa rahisi. Aliangalia nyuma akamwona mama yake amefika, amesimama nje ya duara la watu, uso wake hausemi kitu.

"Ni mimi, mjomba," alisema. "Niliombwa, nikakubali. Hakunishika mkono, hakunidanganya, hakunipa kitu. Nilisimama kwa miguu yangu mwenyewe. Na kama ataniomba tena, nitasimama tena."

"Astaghfirullah!" Mzee mmoja mwenye fimbo alisogea mbele. "Kitu chenye kivuli hicho! Fundi, wewe ni Mwislamu. Hujui kwamba siku ya kiyama utaambiwa ukitie roho?"

Yunusi alikuwa bado ameshika nyundo. Aliitazama kama mtu aliyezinduka akakuta ameshika nyoka. Akainama, akailaza chini taratibu, akaisukuma kwa mguu mpaka mbele ya mjomba Amri.

"Mzee, siku hiyo nitasema ukweli," alijibu. "Nitasema sikutaka kukitia roho. Mwenye roho alikuwa hai, anapita mbele yangu kwenda kisimani. Mimi nilitaka tu macho yangu yasimsahau." Akamgeukia mjomba. "Mzee Amri, nimekukosea kupokea nyundo yako. Chukua. Ukitaka kuvunja, vunja wewe. Mkono wangu haurudi pale."

"Na binti?"

"Binti nitamwomba nikiwa mzima. Sitamwomba nikiwa nimejivunja."

Mjomba Amri hakuiokota nyundo. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ile sanamu, akaweka kiganja juu ya bega lililobonyea.

"Unajua bamba hili limetoka wapi?" alimuuliza Swaumu.

"Nachingwea, mjomba."

"Kabla ya Nachingwea!" Sauti yake ilipasuka, na watu wakarudi nyuma hatua. "Kabla ya karanga! Abdalah, mdogo wangu, mjomba wako aliyekubeba mgongoni ukilia kwa kuota meno, alichukuliwa jeshini akapelekwa Burma. Hakurudi. Hatukuletewa hata kiatu chake tukizike. Basi siku moja nikaenda Nachingwea kutafuta kibarua, nikaona vitu hivi vinakokota mnyororo, msitu unalala. Nikauliza, hiki ni nini? Nikaambiwa, ni vifaru vya vita. Nilikaa chini mchangani nikashindwa kuinuka. Nikasema, wamemmaliza ndugu yangu huko, sasa wametufuata kwetu." Akapiga bega lile kwa kiganja. "Na leo mmechukua ngozi ya mnyama huyo mkamfanyia mwanangu mabega! Mnataka nipite hapa kila siku niseme nini? Niseme ni nzuri?"

Swaumu alihisi machozi yakimpanda, akayaacha yashuke bila kuyafuta. Alikuwa amelikumbuka joto la mgongo wa mtu ambaye uso wake alikuwa ameupoteza.

"Hukuwahi kuniambia hivyo, mjomba."

"Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia popote. Ningelia pamoja nawe. Sasa hivi nalia pamoja nawe." Alisogea karibu naye, sauti imeshuka, lakini haikulegea. "Hata hivyo siwezi kukubali kivunjwe. Ukikivunja kitakuwa nini? Kitarudi kuwa bamba la kifaru. Vimelala vingi huko porini Nachingwea, nyasi zinavifunika, na vyote bado ni vile vilivyokutisha. Hiki kimoja tu mtu amekichukua akakitoa vitani. Hiki kimoja tu, mjomba Abdalah angerudi leo, angekitazama akasema, mtoto huyu namjua."

Mjomba Amri alifumba macho. Watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba hapo waliona kama anakubali. Lakini mzee aliyekwisha kusimama mbele ya kijiji kizima na nyundo ya kuazima hana njia ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Alipofumbua macho, uso ulikuwa umefungwa tena.

"Barabara hii ni yangu kupita," alisema. "Sitaki kukiona hapa. Kitoke, au utoke wewe chini ya ulinzi wangu. Chagua."

Swaumu aliivuta kanga yake, akaifunga upya kifuani.

"Sichagui, mjomba. Tutatoka wote wawili."

"Utakwenda wapi? Kwa nani? Utakwenda kuishi na mwanamume ambaye hajakuoa?"

"Siendi kwa mwanamume."

"Basi wapi?"

Swaumu hakujua. Alikuwa ametupa neno bila kujua litaangukia wapi. Na hapo Zaina alipita katikati ya watu akaja kusimama kati ya binti yake na kaka yake.

"Atakwenda shambani kwangu," alisema. "Lile la njia ya Likunja, ng'ambo ya kijito. Lina dungu la kulindia mazao yasiliwe na nguruwe, linatosha kulala mimi na yeye."

"Zaina, usiingilie."

"Kaka, mama yetu alipokufa wewe alikuachia ukuu wa nyumba. Mimi aliniachia jembe na shamba lile. Sijawahi kukugusa kwenye ukuu wako, nawe usiniguse kwenye shamba langu." Akamtazama machoni. "Namlilia Abdalah kila ninapochota maji. Lakini mtoto niliyebaki naye ni huyu. Sitampoteza huyu kwa ajili ya yule."

Kisha akawageukia wanawake. "Mmesimama kutazama nini? Kateni miti."

Ikawa kama amepiga ngoma. Sabaha ndiye aliyetangulia, akautupa muwa aliokuwa akitafuna. Wakafuata wenzake, wale waliochezwa unyago mmoja na Swaumu, wakala kiapo cha kusaidiana siku ya furaha na siku ya aibu. Walikata miti mirefu, wakachubua magome ya miombo wakasokota kamba. Yunusi alizilegeza nati za miguu kwa spana, wakamlaza mwanamke wa chuma chali juu ya machela, mtungi wake kichwani, macho yake juu. Alikuwa mwepesi kuliko walivyodhani, kwa kuwa ndani alikuwa wazi, lakini hakuwa mwepesi.

"Nani atashika mbele?" aliuliza Sabaha.

"Mimi," alisema Swaumu.

Njia ya shambani ilipita mbele ya nyumba ya mjomba Amri. Wakati wanafunga kamba mzee alikuwa ameondoka kimya, na sasa walimwona kwa mbali ameketi kwenye kibaraza chake, peke yake, kofia ameivua.

"Tuzungukie nyuma, kwenye mikorosho," alinong'ona Sabaha. "Asituone."

"Hatuzunguki," alisema Swaumu.

Walipofika mbele ya kibaraza aliwasimamisha. Mti ulimkata begani, jasho lilimtiririka kwenye macho. Wanawake waliokuwa wakiimba walinyamaza. Swaumu hakuweza kupiga goti akiwa amebeba, kwa hiyo aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee Amri alitazama mikono yake. Kuku alipita kati yao akidonoa. Yunusi, aliyekuwa ameshika nyuma, alihisi miti ikilalamika begani, akasema moyoni kwamba hata kama wangesimama pale mpaka jua lizame, yeye hatakuwa wa kwanza kutua.

"Shikamoo, mjomba," alirudia Swaumu, kwa sauti ileile.

"Marahaba," alisema mzee.

Ndipo wakaendelea. Na walipokipita kibaraza, Sabaha alipiga kigelegele kikali kilichoamsha mbwa wa nyumba zote, wengine wakakipokea, wakaimba nyimbo za kumtoa mwali ndani, za kumleta nje aonekane na watu. Mwanamke wa chuma akapita Mbekenyera juu ya mabega ya wanawake, jua la mchana linamwakia kila mahali, na wanaume waliokuwa njiani walisogea majanini kumpisha.

Kwenye kijito walipumzika. Wenzao walishuka kunywa maji, Zaina akawafuata. Swaumu na Yunusi walibaki kila mmoja upande wake wa machela, chuma katikati yao.

"Bega linakuuma?" aliuliza Yunusi.

"Lipi? Nililobebea au ulilolipiga?"

Aliinamisha uso. "Lile nitalinyoosha. Nitalipasha moto, litarudi kama lilivyokuwa."

"Liache."

"Nitaliona kila siku."

"Ndiyo. Uone." Swaumu alichuma jani la nyasi akalizungusha kidoleni. Hasira yake ilikuwa bado hai, lakini sasa ilikuwa na kitu kingine kimekaa kando yake. "Yunusi, mimi sikukupenda kwa sababu unaweza kunipata. Swalehe anaweza kunipata, ana duka, ana wazee, ana kila kitu. Nilikupenda kwa sababu ulinitazama usinipunguze. Ukianza kunipunguza ili nipite kwenye mlango wa watu, sina sababu tena ya kuwa na wewe."

"Niliogopa, Swaumu."

"Na mimi niliogopa. Ulidhani sikuogopa?"

"Hukuonekana kuogopa."

"Basi hukutazama vizuri leo."

Yunusi aliinua uso, akamtazama. Alimtazama kama siku ile ya kwanza aliyoomba ruhusa, bila haraka, kuanzia paji la uso, vumbi, machozi yaliyokauka, alama nyekundu ya mti begani. Na Swaumu hakuinamisha macho. Alimwacha aone hofu yote.

"Sasa nimeona," alisema Yunusi.

"Eeh. Sasa umeona."

Walimsimamisha kabla jua halijaegemea, katikati ya shamba, pale ufuta uliovunwa ulipokuwa umeegemezwa mafungumafungu kukauka. Yunusi alichimba, wanawake wakashindilia mawe miguuni mwake. Alisimama imara. Wenzake walipokwisha kuondoka, na Zaina akawa anawasha moto karibu na dungu huku akijifanya kiziwi, Swaumu alimsindikiza Yunusi mpaka mwanzo wa njia.

"Kesho nenda kwa mjomba," alimwambia. "Ukaniombe."

"Kesho? Baada ya leo? Atanifukuza!"

"Atakufukuza. Keshokutwa urudi."

"Atanifukuza tena."

"Urudi tena. Nenda na mwenzako wa kukusemea, vaa kanzu safi, salimia, kaa pale atakapokuonyesha. Akikutukana usijibu. Akikuambia uvunje, useme hapana. Kisha uage kwa heshima, uondoke."

"Mpaka lini?"

"Mpaka achoke. Mjomba wangu ni mtu, atachoka."

"Na mimi nikichoka?"

Swaumu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Wewe ukichoka, nitakwenda mwenyewe kukuposa. Uchague aibu unayoiweza."

Yunusi alikwenda. Alifukuzwa. Alikwenda tena, akakuta mlango umefungwa, akakaa nje mpaka mwenzake akamvuta mkono. Ufuta ulipukutwa, ukapelekwa Ruangwa. Swalehe, mtu wa heshima, alisikia habari zote, akamtumia mjomba Amri salamu kwamba hana kinyongo na amejiondoa. Yunusi aliendelea kwenda. Mvua za kwanza zilimkuta njiani kanzu imelowa, na watu wa Mbekenyera waliacha kucheka, wakaanza kumuuliza, "Vipi, fundi, leo amesemaje?"

Katika siku hizo za mvua, Zaina alimwona kaka yake kwa mbali ng'ambo ya kijito. Alikuwa amesimama amejifunika gunia, anatazama kule shambani, mahali ambapo mtu wa chuma alisimama peke yake juu ya mahindi machanga. Alisimama muda mrefu. Zaina hakumwita, wala hakumwambia mtu, isipokuwa binti yake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Yunusi alifika kibarazani na mwenzake, akapiga hodi, akasalimu. Mjomba Amri alimtazama kuanzia kofia mpaka miguu yenye tope. Kisha akavuta kigoda kwa mguu wake, akakisogeza mbele.

"Kaa," alisema. "Tuzungumze. Ila nikuambie mapema, Mmakua. Mahari yangu sipokei chuma."